Kumlikiza Issa

Chikongola, Mtwara
9 Septemba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na wifi Sharifa hajambo. Kaka Thabiti ameandika kutoka Dar es Salaam. Anasema mafunzo ya bandari ni magumu na atarudi mwezi wa sita kama alivyopangiwa.

Tangu uondoke na Issa nyumba imekuwa pana. Wifi amefua shuka zote, pamoja na zile zilizokuwa safi. Jana alikuta shubiri iliyobaki kikombeni akaimwaga nyuma ya choo. Bado tunacheka tukikumbuka siku ile alipojipaka kwenye matiti, Issa akaonja, akakunja uso, akachukua ncha ya kanga ya mama yake, akafuta vizuri kabisa, kisha akaendelea kunyonya. Wifi anasema mtoto huyo atakuwa karani wa serikali.

Nakuandikia kwa jambo la shule. Mwalimu Anna, anayetufundisha Kiingereza, ametugawia maneno. Kila mmoja achunguze neno lake, maana yake na lilikotoka, halafu tuyabandike kwenye gazeti la ukutani. Wenzangu wamepata maneno ya heshima, mwingine meli, mwingine soko. Mimi nilifungua kikaratasi changu nikakuta "wean". Maana yake ni kumwachisha mtoto ziwa. Darasa zima lilicheka. Sikuinua uso mpaka kengele ilipolia. Nilidhani mwalimu amesikia habari za nyumbani kwetu, lakini hakusikia. Ilitokea tu.

Kamusi kubwa ya maktaba inaeleza neno, haielezi kazi yenyewe. Kwa hiyo naomba unijibu. Kwa nini mtoto apelekwe kwa bibi yake? Kwa nini mama asiende kumwona? Na nani anasema kwamba sasa inatosha, mtoto arudi? Jibu kwa mkono wako mwenyewe, Mama, usimtafute mtu wa kukuandikia. Mwalimu wenu wa kisomo atafurahi.

Binti yako,
Mwanaamina

*

Mahurunga
23/9/1973

Mwanangu Mwanaamina,

Marahaba. Naandika mwenyewe. Usicheke mwandiko.

Issa hajambo. Siku za kwanza alilia sana. Sasa analia kidogo. Anakula uji wa mtama na ming'oko ninayochimba porini. Anashika mng'oko kama baba yako, kwa mkono wa kushoto. Nilijua tu. Mtu hapewi jina la babu yake bure. Mimi namwita mume wangu. Mwambie Sharifa kwamba mimi na yeye sasa ni wake wenza, na mume amehamia kwa mke mkubwa.

Maswali yako. Mtoto anapelekwa kwa bibi kwa sababu bibi hana maziwa. Atatafuta, hatapata, ataacha. Mama haji kwa sababu mtoto akisikia sauti yake anakumbuka, na kazi inaanza upya. Marehemu bibi yako wa Mikindani hakusema kuachisha. Alisema kulikiza. Akishasahau kabisa nitawaletea habari.

Mwambie Sharifa ale. Mimba changa inataka chakula. Nilimwambia mapema aache kumnyonyesha Issa, kwa sababu maziwa ya mwenye mimba si mazuri. Nilimwambia, utampoteza mmoja kati ya hao wawili. Alininunia. Lakini alisikia mwishowe, sasa mambo ni sawa.

Barua naipeleka kwa Hassani wa lori.

Mimi mama yako,
Tabu

*

Chikongola, Mtwara
14 Oktoba 1973

Kaka Thabiti,

Shikamoo. Samahani kwa barua hii. Wifi alisema niandike mimi kwa sababu yeye hawezi.

Mimba imetoka. Alianza kuumwa Jumatatu alipokuwa anaanika nguo. Nilimwita jirani, tukampeleka hospitali, wakamlaza. Amerudi jana. Daktari amesema atapona na kwamba si kosa la mtu yeyote. Hilo la mwisho nilimwomba alirudie mbele ya wifi, nikaona haya baadaye kwa sababu nilisema kwa sauti kubwa. Alilirudia. Wifi aliangalia dirisha.

Nampikia uji asubuhi kabla ya kwenda shule. Mchana jirani anakuja. Anakula kiasi.

Amenikataza kumwandikia Mama. Amesema, "Mama yenu alisema nitampoteza mmoja. Sasa nimwandikie kwamba alisema kweli?" Nikamwambia daktari amesema sivyo. Akasema, "Daktari si mkwe wangu."

Naomba useme nifanyeje.

Mdogo wako,
Mwanaamina

*

Dar es Salaam
2 Novemba 1973

Mdogo wangu Mwanaamina,

Marahaba. Nimepokea habari nimesikitika. Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa. Nimemwandikia Sharifa barua yake peke yake.

Kuhusu Mama, usiandike chochote. Haya ni mambo ya wakubwa. Nitamwambia mwenyewe ana kwa ana nikirudi. Kwenye barua jambo la namna hii linakuwa baya kuliko lilivyo, na Mama ndiyo kwanza amejifunza kusoma. Sitaki kitu cha kwanza kikubwa anachosoma kiwe hicho.

Issa yuko kwa bibi yake, na mtoto aliye kwa bibi yake yuko nyumbani. Wewe shika masomo.

Kaka yako,
Thabiti

*

Chikongola, Mtwara
18 Novemba 1973

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi anakusalimu.

Neno langu linaendelea. Nimepata mambo ambayo sikuyatazamia, nakueleza kama nitakavyoyaandika.

Mtu akisikia "wean" anafikiri ni neno la kutenganisha. Kumtenga mtoto na ziwa, kumtenga ndama na ng'ombe. Siku hizi Waingereza hulitumia hata kwa mtu mzima anayeachishwa tumbaku, au anayeachishwa tabia yoyote aliyoishikilia. Lakini asili yake si kutenganisha. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "wenian", maana yake kuzoesha. Zamani walikuwa na neno refu kidogo, lenye kiambishi mbele cha kutengua, yaani kumzoesha mtu kukaa bila kitu. Wajerumani wanacho kiambishi chao mpaka leo. Kwa Waingereza kilidondoka, likabaki kuzoesha peke yake, na wao wanaendelea kulitumia kana kwamba hakuna kilichopotea.

Mwalimu Anna anasema wataalamu hulirudisha nyuma zaidi, mpaka kwenye mzizi wenye maana ya kutaka, kutamani. Kwa hiyo neno limetembea hivi: kutamani, halafu kuzoea, halafu kuachana. Nilimwambia Mwalimu kwamba naona mpangilio huo si mzuri. Akasema maneno hayapangwi na mtu.

Kulikiza pia nimelitazama. Ni ndugu wa likizo. Mtoto anapewa likizo, basi. Tofauti ni kwamba likizo ya shule ina tarehe ya kurudi.

Je, Issa amekwisha kusahau? Nauliza kwa ajili ya gazeti la ukutani tu.

Binti yako,
Mwanaamina

*

Mahurunga
16/12/1973

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kwa sababu ni ndefu.

Amesahau. Juzi mwanamke alikuwa ananyonyesha kisomoni, Issa akamtazama kama anavyotazama mtu anayesuka ukili. Hakutaka. Sasa ananiita mama. Namwambia mimi bibi, anasema mama. Nimechoka kumsahihisha.

Najua nilisema nitaleta habari akisahau. Lakini simrudishi sasa. Mwenye mimba hawezi kubeba mtoto mzito, na Issa ni mzito, anataka mgongoni kila saa. Mwambie mke mwenzangu asiwe na wivu. Ajifungue kwanza. Mimi nitakuja mwezi wa pili kumsaidia, Issa nitamwacha kwa jirani yangu Hamisa. Atarudi Mtwara mtoto mdogo akianza kukaa.

Nimenunua kitambaa cha ubeleko. Cha buluu. Nimekipinda mwenyewe pembeni. Muulize Sharifa kama miguu inavimba, na kama anatamani udongo. Kwa Issa alitamani udongo.

Barabara ina maji. Ng'ambo ya mto, kwenye vita, siku hizi kimya.

Mama yako,
Tabu

*

Chikongola, Mtwara
6 Januari 1974

Kaka Thabiti,

Shikamoo. Naandika tena juu ya lile jambo, ingawa ulisema nisishughulike nalo.

Barua za Mama huwa namsomea wifi kwa sauti yeye akipika. Ndivyo anavyopenda. Ya mwezi uliopita nilianza vizuri. Nilipofika pale Mama anapomwita "mke mwenzangu", wifi hakucheka kama zamani. Aligeuza samaki, akasema, "Mwambie mke mkubwa zamu yake imekwisha."

Nikauliza, "Niandike hivyo?"

"Ukiandika hivyo nitakukata vidole."

"Basi niandike nini?"

"Andika kwamba namsalimu."

Kulikuwa na mistari mingine chini. Mama amenunua ubeleko wa mtoto atakayezaliwa, amepinda pembeni kwa mkono wake. Anauliza kama miguu inavimba. Niliiruka, nikasoma habari za barabara. Wifi akasema, "Barua ya mama leo fupi." Nikasema karatasi ilikuwa ndogo. Hakuuliza tena, lakini samaki waliungua upande mmoja.

Kaka, nimejaribu kulifikiria jambo hili bila kuingiza moyo. Mama hamrudishi Issa kwa sababu anamhurumia wifi mwenye mimba. Wifi hamwombi Issa kwa sababu akiomba itabidi aseme hana mimba. Kila mmoja ananyamaza kwa ajili ya mwenzake, na mtoto ndiye anayezidi kuzoea. Sasa anamwita Mama "mama". Sijamsomea wifi hilo pia.

Hii haiwezi kungoja mwezi wa sita. Naomba ruhusa ya kumwandikia Mama.

Mwanaamina

*

Chikongola, Mtwara
10 Februari 1974

Kaka Thabiti,

Shikamoo. Hukujibu. Labda barua ilichelewa kwa sababu ya mvua. Nakueleza lililotokea ili usisikie kwa watu.

Mama aliandika tena wiki hii. Anakuja na lori la kwanza barabara ikikauka, na amekwisha kumwambia Issa kwamba atakaa kwa Hamisa. Hakukuwa na mstari wa kuruka, maana barua nzima ilikuwa ni hiyo. Sikumwandikia Mama, nimeshika amri yako. Lakini hukusema nimfiche wifi. Kwa hiyo nilimpa barua zote za Mama, na hii na ile ya mwezi wa kumi na mbili, nikaenda kuchota maji.

Niliporudi alikuwa amekaa chini mlangoni.

"Buluu," akasema. "Amenunua buluu. Alijuaje nitataka buluu?"

Nikasema labda dukani hakukuwa na rangi nyingine. Akanitazama akacheka, cheko lenyewe hasa, mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Wewe na kamusi yako. Njoo unisaidie kufunga mzigo."

Nikamkumbusha kwamba mama wa mtoto haendi. Ndivyo Mama alivyoeleza. Akasema, "Haendi kabla mtoto hajasahau. Wangu amesahau. Sasa nisiende kwa nini?"

Ameondoka asubuhi hii na lori la chumvi. Njia ni mbaya lakini dereva amesema watafika. Mimi nalala kwa jirani. Masomo naendelea nayo.

Mwanaamina

*

Mahurunga
24/2/1974

Mwanangu Mwanaamina,

Sharifa amefika salama. Lori lilikwama njiani, wakasukuma. Alishuka ana tope mpaka magotini. Nilitazama tumbo lake kabla ya kutazama uso. Nikasema karibu. Akasema shikamoo mama. Nikampa maji ya kunawa.

Issa alikuwa mlangoni anakula. Alimtazama, akakimbilia nyuma ya kanga yangu. Sharifa akamwita kwa jina. Issa akaniuliza mimi, "Mama, huyu nani?"

Sikufichi, mwanangu. Nilifurahi. Halafu nikauona uso wa mama yake.

Tulimenya muhogo. Kisha akasema, "Mama, mimba ilitoka mwezi wa kumi."

Nikasema, "Naona."

Akasema, "Haya, sema."

"Niseme nini?"

"Sema uliniambia."

Nilimenya mwingine. Nikamwambia, "Mimi nilisema neno la kukutisha uache kunyonyesha. Lilikuwa neno tu. Hata kwa binti zangu nilisema hivyohivyo." Nikamwuliza, "Nani alikupikia uji?" Akasema ni wewe. Basi asante, mwanangu. Ungeniambia ningekuja. Lakini najua ulikatazwa, na aliyekukataza nitaonana naye mwezi wa sita.

Sasa kuna kazi. Ana karibu wiki mbili hapa na mtoto hamtaki. Anachota maji, anatwanga, anaosha vyombo kama mgeni mwenye adabu. Issa anakula kwa mkono wangu tu. Nikienda shamba analia njia nzima nyuma yangu. Akimbeba anajikaza kama ubao. Jana Sharifa alisema, "Mama, acha abaki na wewe, mimi nitangoja." Nikamwambia unamngojea nani? Mimi sizeeki kurudi nyuma.

Uliniandikia kwamba neno lile la Kiingereza ni kuzoesha. Kitabu kinasemaje, mtoto aliyezoea huku anazoeshwaje kule?

Mama yako,
Tabu

*

Chikongola, Mtwara
3 Machi 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa maktaba, kisha nikaitazama kamusi tena, kwa sababu uliuliza.

Haisemi. Nimetazama pia kitabu cha ufugaji, wanaeleza habari za ndama. Wanasema ndama na mama wasiwe mahali wanapoweza kuonana wala kusikiana, basi. Hakuna kuhusu kumrudisha.

Karatasi yangu imebandikwa. Mwalimu Anna ameandika chini yake kwamba ni kazi nzuri lakini haina mwisho. Ni kweli. Nilikuwa nimeacha nafasi.

Wanaonisoma ukutani ni wengi kuliko nilivyopenda. Mvulana mmoja aliuliza kama mimi nimekwisha kuachishwa. Rafiki yangu Veronika akamjibu kwamba yeye amewahi kuonekana akinyonya kalamu, mvulana akaondoka.

Mama, sikukwambia la mwezi wa kumi na sasa unajua. Nilihesabu kwamba kunyamaza hakuna upande. Sikuhesabu vizuri.

Binti yako,
Mwanaamina

*

Nanguruwe
17/3/1974

Mwanangu Mwanaamina,

Usishangae mahali. Niko kwa mama yako mdogo Zuhura. Nyumba ya Mahurunga nimewaachia Sharifa na Issa.

Nilifikiri siku nyingi. Mtoto hawezi kumtazama mwingine na mimi nipo. Nikiwa jikoni ananisikia. Nikiwa shamba anajua nitarudi jioni. Kwa hiyo nilimwambia Sharifa, mimi ndiye niondoke. Alikataa. Akasema, "Mama, hii nyumba yako, mimi ndiye wa kwenda." Nikamwambia, "Ukienda naye sasa utamnyang'anya. Kaa naye hapa, penye sufuria anazozijua." Akalia. Mimi sikulia, nilikuwa natafuta ufunguo wa sanduku.

Niliondoka asubuhi Issa akiogeshwa. Sikumuaga. Alikuwa anapiga maji kwa viganja na kucheka, na Sharifa ameloa kifua chote. Nilipita nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, asinione.

Mpunga wangu umeanza kuiva. Sharifa anafukuza ndege. Hajui, anatupa mawe mbali na ndege, lakini atajua.

Hamisa alipita hapa akitoka msibani. Anasema siku ya kwanza Issa alisimama kwenye njia ya shamba, hakutaka kuingia ndani, hakutaka chakula. Akaita mpaka sauti ikakauka. Watu walimwambia Sharifa atume mtu anifuate. Sharifa alikaa chini njiani, mbali naye kidogo, akakaa tu. Siku ya pili Issa alikula uji mkononi mwake, uso ameugeuzia upande mwingine. Hamisa alitaka kuendelea. Nikamwambia ya siku ya tatu asinieleze.

Nitakaa hapa mpaka waondoke kuja Mtwara. Wakifika, andika wamefika. Usiandike zaidi. Usiandike kama ananiulizia, na usiandike kama haniulizii. Nitauliza mwenyewe siku nikiweza.

Mama yako,
Tabu